Go off imekugomea? Anzia kwenye dalili

Stika ilikuwa nyekundu, ya ukubwa wa kiganja, imebandikwa nyuma ya mlango wa kila chumba katika hoteli moja ya ufukweni. Juu Kiingereza: When the alarm goes off, leave the building immediately. Chini yake Kiswahili nilichokiandika mimi: Kengele ikizima, toka nje ya jengo mara moja. Nikalipwa, nikaenda zangu.

Wiki mbili baadaye nilipita pale kufuata kazi nyingine. Mlinzi wa mchana, mzee wa rika la baba yangu, aliitikia shikamoo yangu kisha akanivuta pembeni. "Mwanangu, haya maneno umeandika wewe? Hebu nieleweshe. Kengele ikilia tutulie ndani, tungoje mpaka inyamaze, ndiyo tutoke mbio?"

Sikuwa na la kujibu. Stika zote zilichapishwa upya, na gharama nikaibeba mimi.

Tangu hapo, nikipewa tafsiri ya mtu kuihariri, go off ndiyo ninayoitafuta kwanza. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika haipigi kelele. Sentensi inasomeka vizuri, upatanisho wa sarufi uko sawa, hakuna neno gumu, ila maana imesimama kichwa chini miguu juu. Kwa hiyo usihangaike na sarufi. Angalia sentensi inamfanya msomaji atende nini, kisha ujiulize kama mtu mwenye akili timamu angetenda hivyo. Mzee wangu wa getini hakuwa na Kiingereza cha kutosha kunisahihisha. Alichokuwa nacho ni swali hilo tu.

Dalili: kitu kilichopaswa kulia kimenyamaza

Hii ndiyo inayoongoza. Saa ya mezani "imezima" na mtu akaamka. King'ora cha benki "kimezimika" na polisi wakaja mbio. Bomu "limezima" na watu wanne wakajeruhiwa. Mfano wa mwisho niliusoma kwenye maandishi ya chini ya filamu, na sidhani kama aliyeyaandika alikuwa mvivu. Alikuwa amezoea swichi.

Chanzo ni swichi kweli. Sisi neno off tulilipokea kutoka kwenye vifaa: pasi, jenereta, redio, kitufe cha ukutani. Upande mmoja On, upande wa pili Off, na Off maana yake kitu kimelala. Tukalichukua hadi kazini: leo niko ofu, Jumapili ni siku yangu ya ofu. Kila tunapolisikia, ofu ni kupumzika, kunyamaza, kuzima. Mwanafunzi akikutana na the alarm went off, akilini mwake swichi inashuka yenyewe.

Lakini neno hilo ni la zamani kuliko umeme. Off na of zilikuwa neno moja. Off ni lile lililotamkwa kwa mkazo, na tofauti yao ilikaa sawasawa kwenye karne ya 17. Kiini chake ni kuachana na mahali: kubanduka, kutoka pale ulipokuwa umeshikilia. Waingereza walikuwa wanasema bunduki went off tangu karne ya 16, na hakuna aliyekuwa na swichi. Walichokuwa nacho ni bunduki iliyoshindiliwa baruti, na mtambo uliovutwa ukashikwa na kijino chake. Kijino kikiachia, mambo yametoka.

Kiswahili kina kitenzi kinachosema hivyo hivyo: kufyatuka. Mtego wa panya unafyatuka. Gobore linafyatuka. Tofali la udongo linafyatuliwa kutoka kwenye kibao chake. Ukiitazama saa ya zamani ya kutia ufunguo, ile yenye kengele mbili juu na kinyundo katikati, utaona ni mtego mtupu: umekaza springi usiku, kuna kijino kinachoizuia, saa kumi na moja alfajiri kijino kinaachia, kinyundo kinaanza kuhangaika kushoto na kulia. Saa imefyatuka. Simu ya leo haina springi wala kinyundo, ila neno limebaki.

Tiba yangu ni hii. Kabla ya kutafsiri, weka kufyatuka mahali pa go off kama kipimo tu. "Kengele ikifyatuka, toka nje." Haisikiki vizuri, lakini mwelekeo umerudi: kitu kimeanza, hakikuisha. Baada ya hapo tafuta kitenzi ambacho kitu chenyewe kinakitumia kwetu. Kengele na king'ora vinalia. Bomu linalipuka, baruti pia. Risasi inafyatuka hasa ikiwa ni bahati mbaya. Akiwa mtu amekusudia tunasema amefyatua, au amepiga. Mtego unafyatuka, hapo kipimo na jibu ni kitu kimoja. Flashi ya kamera inawaka, na hapa ndipo wengi wanaponibishia: inakuwaje go off iwe kuwaka? Ndiyo. Flashi imehifadhi umeme, imeuachia, imewaka. Swichi isahau.

Kama bado unataka ushahidi kwamba off ni kuondoka, unao nyumbani. Mtanzania anajua sendofu ni nini: wazazi wanamuaga binti kabla hajaenda kwa mumewe, kuna keki, kuna MC, kuna shangazi anayelia. Hakuna binti anayezimwa siku hiyo.

Dalili: umeomba radhi, na mwenzako amekasirika zaidi

Hii inawakuta wanaofanya kazi na Waingereza kwa simu na barua pepe. Umekatikiwa chaji katikati ya mazungumzo. Unaandika: Sorry, my phone went off. Kwetu, Dar, Nairobi, hata Kampala, sentensi hiyo ni ya kila siku na maana yake simu imezima. Mwingereza anasoma kitu kingine: simu yangu iliita. Ukiwa ulikuwa kikaoni, anaelewa kwamba ulisahau kuizima sauti na ikapiga kelele mbele ya watu. Ukiwa ulikuwa unaongea naye yeye, anaelewa kwamba kuna simu nyingine iliyoita ukamwacha yeye. Kwa vyovyote, haelewi kwamba betri ilikwisha.

Sisemi kwamba Kiingereza chetu ni kibovu. Watu wengi mno wanakitumia hivyo na wanaelewana, na lugha ikishaelewana na watu wake imeshafanya kazi yake. Tatizo liko mpakani tu, pale sentensi inapovuka kwenda kwa msomaji wa nje. Ukimwandikia huyo, sema my phone died au my battery ran out. Na yeye akikuandikia kwamba simu yake went off ibadani, usimwambie "pole, ulikuwa hujachaji?" Mpe pole ya aibu.

Ugumu unaongezeka kwa sababu taa na umeme kweli huzima kwa kitenzi hicho hicho, hata London. The lights went off: taa zimezima. The power went off: umeme umekatika, au kwa jirani zetu wa Kenya, stima imepotea. The heating goes off at ten: kipasha joto kinazima saa nne usiku. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika, bila kukosea popote, kwamba umeme went off na kengele ikawa went off sekunde hiyo hiyo. Kimoja kimekatika, cha pili kimeanza kulia.

Utavitenganisha kwa swali moja: kitu hiki, kikiwa katika hali yake ya kawaida, kinafanya nini? Taa ya sebuleni usiku iko kwenye kuwaka. Umeme uko kwenye kupita. Go off inavitoa huko, vinakoma. Kengele ya moto, bomu, mtego, saa ya kuamsha, vyote hali yake ya kawaida ni kungoja kimya. Go off inavitoa kwenye kungoja, vinaanza. Kitenzi ni kimoja, mwendo ni mmoja, ila vitu vimebanduka kutoka vituo viwili tofauti.

Dalili: maziwa yameondoka

Nimeliona hili kwenye kitabu cha mapishi kilichotafsiriwa: "Hakikisha maziwa hayajaondoka." Mfasiri huyu alikuwa ameshavuka hatua ya swichi, alijua off ni kuondoka, akaishia hapo. The milk has gone off ni Kiingereza cha Uingereza, Mmarekani kwa kawaida atasema gone bad, na maana yake maziwa yametoka kwenye uzima wake. Yameharibika.

Na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kiingereza, kwa hiyo usiandike "kuharibika" kila mahali kama huna jiko nyumbani. Wali na maharage ya jana vinachacha. Nyama inavunda. Samaki anaoza, au ameharibika ukitaka kuwa na adabu mbele ya muuzaji. Maziwa ukiyachemsha yakagawanyika maji huku mabonge kule, yamekatika. Kuwa mwangalifu na kuganda: maziwa ya mgando tunanunua, tunakunywa na chapati, tunafurahi. Ukiandika kwamba maziwa yaliyo gone off "yameganda", msomaji atayamimina kwenye kikombe.

Kuna kidogo cha pembeni. Mgahawani Uingereza, mhudumu akikwambia the fish is off, huenda anasema samaki wamekwisha leo, wameondolewa kwenye orodha. Mteja akisema sentensi hiyo hiyo akiwa ameinamia sahani, anasema samaki ameoza. Angalia nani ameshika uma.

Dalili: mtu amefanya go off na hujui kama umlilie

Mtu akiwa ndiye mtendaji, usikimbilie kitenzi. Soma kinachofuata baada ya off, kwa sababu hapo ndipo siri ilipo.

Kukiwa na to, ameondoka kwenda mahali: he went off to Arusha, ameelekea Arusha. Isipokuwa ikiwa go off to sleep, ambapo hakwenda popote, amepitiwa na usingizi. Kukiwa na with na kitu, ameondoka nacho, mara nyingi bila ruhusa: she went off with my pen. Kukiwa na with na mtu, kaa chini kabla ya kutafsiri. She went off with the driver haimaanishi amepelekwa sokoni na dereva. Ametoroka naye, na kuna nyumba inalia. Hapa muktadha una kauli, kwa sababu mara mojamoja ni safari ya sokoni kweli, ila mwandishi anayesimulia ndoa kuvunjika hana habari na soko.

Kukiwa na on na mtu, amewaka: my boss went off on me, bosi amenifokea, amenitolea uvivu. Hii ina asili ya Marekani na imeenea. Ukiifasiri "bosi aliniondokea" umempa bosi upole asiokuwa nao. Lakini go off on leave ni likizo tu, hakuna aliyefokewa. Kukiwa na at a tangent, msemaji ametoka nje ya mada, kama wajomba wanavyofanya kwenye vikao vya harusi.

Halafu kuna ile ambayo hakuna kihusishi kabisa, kitu kinakuja moja kwa moja baada ya off: I've gone off tea. Mjamzito anaisema sana Uingereza. Mfasiri anaandika "nimeondoka chai", anaona haieleweki, anaongeza "kunywa": "nimeondoka kunywa chai." Sasa amekwenda mgahawani. Maana yake ni kwamba hamu imemwisha, alikuwa anaipenda na haipendi tena. Tunasema chai hainipandi siku hizi. Kama ni chakula ulichokila mpaka kikakuchosha, umekikinai. Kama ni mtu, I've gone off him, basi amenitoka moyoni.

Linganisha hizo sentensi vizuri, kwa sababu zina jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kuliona. Mwingereza ndiye anayeondoka: yeye anaiacha chai, yeye anamwacha bwana. Kwetu kitu ndicho kinachomtoka mtu. Chai inakataa kupanda, mpenzi anatoka moyoni, na hata usingizi ni hivyo hivyo: mtoto wa Kiingereza anauendea mwenyewe, wa kwetu usingizi unakuja kumchukua. Ukishikilia mtendaji wa Kiingereza utapata Kiswahili kilichokakamaa hata kama kila neno ni sahihi. Mgeuze mtendaji, sentensi italegea yenyewe.

Gari hata halitusumbui. The car went off the road: gari liliacha njia. Magazeti yetu yanaandika hivyo bila kufikiria.

Dalili: sherehe imelipuka

The wedding went off without a hitch. Nimeona "harusi ililipuka bila tatizo", na nimecheka, kisha nikakumbuka stika zangu nikaacha kucheka. Shughuli, mkutano, mtihani, safari, vikiwa ndivyo watendaji na baadaye kuna neno la kusifu kama well, smoothly, without a hitch, basi ni kupita au kwenda: harusi ilikwenda salama, mambo yalipita vizuri. Kwa vijana lakini, the party was going off inaweza kuwa imechangamka kweli, imewaka moto. Na ukimwona mtu mtandaoni amemwandikia mwimbaji Go off! usidhani amefukuzwa. Amepewa tano.

Dalili: umeelewa unaposoma, unakosea unapoandika

Kosa hapa si la maana, ni la mkono. Go off haina mtendwa kwenye maana ya kengele na bomu. Huwezi kuandika he went off the bomb ukimaanisha ameilipua. Anayesababisha anatumia set off: he set off the alarm, yeye ndiye aliyefanya king'ora kilie, labda kwa moshi wa maandazi. Anayenyamazisha anatumia turn off au switch off. Hao watatu ukiwapanga kwa Kiswahili wanakaa sawia: set off ni fyatua, go off ni fyatuka, turn off ni zima.

Tazama kilichotokea hapo. Kiingereza kimelazimika kubadilisha kitenzi kizima, set kwa go, ili kumtoa anayefanya na kumwacha anayetokewa. Sisi tumebadilisha mkia tu: -ua ikawa -uka. Bandua, banduka. Chomoa, chomoka. Ng'oa, ng'oka. Kazi ambayo Mwingereza anampa kijineno cha nyuma, kama off, sisi tunaifanya ndani ya tumbo la kitenzi, na ndiyo maana off haina tafsiri moja ukiitafuta peke yake kwenye kamusi. Anayehifadhi orodha ya "off = ..." anajipa kazi ya bure. Mara nyingi off nzima inajificha kwenye -uka. Chukua msemo wa go off half-cocked: zile bunduki za gumegume, nyundo yake ilivutwa nusu ili isilipuke ovyo, na ikifyatuka ikiwa nusu, mwenyewe hajajiandaa. Mtu anayefanya jambo hivyo tunasema amekurupuka. Hakuna bunduki, hakuna nusu, ila mkia ni ule ule.

Kesi isiyotibika kwa kitabu

Kuna hali ambayo vipimo vyote vinagoma, na utaijua kwa sababu sentensi inakubali maana mbili zinazopingana na zote zina mantiki. Mwaka mmoja niliombwa kutafsiri kitabu cha zamu cha walinzi wa ghala moja. Mwenye ghala alikuwa Mwingereza, na alikuwa anataka kujua kwa nini king'ora chake kinalia mara mbili kwa usiku mmoja. Mlinzi alikuwa ameandika kwa Kiingereza chake, herufi kubwa, kalamu ya bluu: ALARM WENT OFF 2.10. ALARM WENT OFF 2.15.

Kwa Mwingereza hapo hakuna mjadala: imelia mara mbili, kuna mwizi au kuna hitilafu, aitwe fundi. Fundi alikuwa ameshakuja mara moja na ankara yake ilikuwa mezani. Nilivyousoma mimi, nilitilia shaka. Kimantiki yote yanawezekana, na king'ora kikiwa tayari kinalia, went off ya pili haina kipimo cha kuikamata. Mwandishi makini angeweka stopped au was switched off pale pa pili, ila mlinzi saa nane za usiku haandiki kwa ajili ya wafasiri.

Nikaomba namba yake, nikampigia jioni kabla hajaingia zamu. Nikamsomea mistari miwili.

"Aa, hiyo ya paka," akasema. "Saa nane na dakika kumi ililia. Saa nane na robo nikaizima."